Utani wa Msibani Nimeupeleka kwa Wasomi

Bi Mwanamkuu mpendwa, shikamoo. Safu yako naisoma tangu niko sekondari, tena gazeti lenyewe nilikuwa nalisomea nyumbani kwa watu ambao leo ndio nakuandikia habari zao, na naomba unisaidie kwa sababu nimefika mahali ambapo nikienda mbele naumiza watu na nikirudi nyuma naumia mimi.

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Tabora. Kwetu ni Isikizya, na nilipochaguliwa kusoma mjini mama hakuwa na ndugu wa kunipokea, akanipeleka mtaa wa Cheyo kwa Mzee Uwesu, mfanyabiashara aliyekuwa akinunua asali ya marehemu baba, na mkewe Bi Najiat akanitandikia kitanda chumba kimoja na binti zake, na tangu siku ile sijawahi kuambiwa kwa mdomo wala kwa jicho kwamba mimi ni mgeni, nimekula walichokula, Ramadhani nafuturu nao ingawa mimi ni Mkristo, na siku ya mahafali yangu Mzee Uwesu ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mzazi na kanzu yake iliyopigwa pasi.

Sasa kuna mkutano wa mwaka wa wanahistoria wa uchumi na biashara, wanatoka nchi nyingi, kila mwaka wanakutana mji mwingine, na mwaka huu wamekubali kuja Tabora kwa sababu wanazungumzia biashara ya misafara, na mada yangu imepokelewa, tena imewekwa siku ya ufunguzi, na kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo maana nafasi ya kwenda kusomea udaktari wa falsafa itaamuliwa na watu watakaokaa humo ukumbini. Mada yangu inauliza wafanyabiashara wa kwanza wa mji huu walipata wapi mtaji wa kuanzia. Kila familia niliyoihoji iliniambia juhudi na uaminifu, basi, juhudi na uaminifu, mpaka nikachoka.

Ndipo akafariki Abdulatifu, mdogo wake Mzee Uwesu. Familia ile ina mtani wao, Mzee Masolwa, ambaye babu yake na babu wa Mzee Uwesu walitembea msafara mmoja, na utani wa koo hizo mbili ulizaliwa huko njiani. Jeneza lilipotaka kutoka uani Mzee Masolwa akalala chini kifudifudi mbele ya wabebaji, akasema huyu hatoki, babu yake aliwaacha wapagazi wetu porini wanatetemeka kwa homa, akaingia Tabora na pembe za ndovu walizozibeba wao, akafungua duka, akaitwa tajiri, kwa hiyo na huyu mjukuu aachwe juani kwanza aone raha yake. Watu walicheka, hata Mzee Uwesu alicheka huku machozi yanamtoka, akamtilia kitu mkononi, Mzee Masolwa akajipangusa vumbi na kushika jeneza mbele kabisa.

Mimi nilikuwa upande wa wanawake na simu yangu ilikuwa inarekodi. Najua utani ni nini, Bi Mwanamkuu, mimi ni Mnyamwezi, lakini nilijiambia kwamba utani ndiyo mahali pekee ambapo watu wetu husema lisilosemeka, kwa hiyo huo ni ushahidi kama ushahidi mwingine, nikauandika, na jina la ukoo nikalitaja, na ndiyo sehemu ambayo kila aliyesoma ameisifu. Hata bibi mzaa mama alikuwa akitusimulia kwamba babu yake alibeba mzigo wa Waswahili kwenda pwani na hakurudi, ila hilo nalitaja tu, halihusiani sana.

Balaa ni kwamba waandaaji wamemwomba Mzee Uwesu awapokee wageni, wakitoka ukumbini wale chakula cha mchana nyumbani kwake, na yeye ameshonesha kanzu mpya, na msikitini anawaambia wenzake kwamba binti yetu atasoma habari zetu mbele ya dunia. Juzi Bi Najiat alikuwa anachambua mchele wa pilau, mimi namsaidia, Mzee akaingia akauliza, "Umetuandika vizuri, mwanangu?" nikasema, "Ndiyo, baba," na Bi Najiat akacheka akasema, "Atuandike vibaya kwani sisi tumemfanya nini?" Nikainama kwenye ungo.

Nilimwendea Dkt. Fikiri anayenisimamia, akaniambia historia haina baba mlezi, na kwamba nikiitoa sehemu hiyo kitakachobaki ni habari za mizani na vitambaa ambazo kila mtu anazijua. Muda uliobaki ni wiki mbili. Nisome nilichoandika, au nikinyamazie na kujiona mwoga maisha yangu yote? Naomba usitaje jina langu.

Mimi, binti wa Isikizya.


JIBU LA BI MWANAMKUU

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe hofu, majina yote nimeyabadilisha, na jibu hili ulishalipata kwa simu kabla halijafika gazetini, kwa sababu kwa habari ulizozimwaga humu, kutokutaja jina lako kusingekuficha hata kwa muuza karanga wa sokoni.

Sasa tuseme ukweli. Mara ya kwanza nilipoisoma barua yako nilikasirika. Mtu kafiwa na mdogo wake, wewe unayekula kwenye sinia moja na wanawe unasimama uani na simu unavuna. Ulipaswa kuwa unalia, au unasukuma kuni jikoni kama wenzako. Hilo nimelisema, limekwisha, sitalirudia.

Unasema unaujua utani kwa sababu wewe ni Mnyamwezi. Unaujua nusu. Maneno ya Masolwa si mali ya kila aliyekuwepo. Yule mzee amejilaza vumbini mbele ya watu, kisha amelibeba jeneza, na naamini makaburini alishinda pamoja na wachimbaji, na siku ya msiba wake mwenyewe watoto wa Uwesu watakwenda kumsema mpaka wajukuu zake waone haya. Hiyo ndiyo ruhusa yake, na ameigharamia. Wewe ruhusa hiyo huna. Wewe kwa Uwesu si mtani, ni mtoto. Neno lile lile lililomchekesha mzee kati ya machozi, likitoka mdomoni mwako ukumbini, mbele ya wageni wenye tai shingoni, na yeye amevaa kanzu mpya, ni tusi. Hatakujibu. Atawakaribisha wageni wale pilau kama alivyoahidi, na hilo ndilo litakalokuua.

Na wewe msomi, hebu nikuulize la kwenu. Masolwa alisema kweli? Mimi sijui. Wewe unajua? Mtani huweza kusema la kweli, na huweza kusema la kutunga ili msiba uchangamke, na hutakwambia lipi ni lipi mpaka umwendee siku ya kawaida, umsalimie, umuulize. Ulimwendea? Katika barua nzima sikuona mahali ulipomwendea. Umesikia kicheko cha watu, ukakigonga muhuri. Dkt. Fikiri anakuambia historia haina baba mlezi, sawa, lakini hata huyo Dkt. Fikiri angepaswa kukuuliza kwa nini hukumhoji shahidi wako.

Lakini usinielewe vibaya, sikuambii unyamaze. Kuna watu walibeba pembe na vitambaa mabegani kutoka huku mpaka baharini, wakaangukia njiani, na kila mwenye duka la zamani anapoeleza juhudi na uaminifu hao hawatajwi. Lazima watajwe. Nakasirishwa na ulivyofanya, sikasirishwi na unachotafuta.

Tena unachotafuta nimekiona. Katikati ya barua umeipitisha sentensi moja mbio mbio, ukasema haihusiani sana. Babu wa bibi yako alibeba mzigo kwenda pwani hakurudi. Haihusiani vipi? Binti, wewe hukuwa unarekodi kwa ajili ya mkutano. Masolwa aliposema "wapagazi wetu" ulisikia ukoo wako ukitajwa, pale pale nyumbani kwa mtu anayekulea, na moyo wako ukagawanyika vipande viwili, kimoja kinampenda mzee na kimoja kinamtaka ajibu. Badala ya kumuuliza ukaandika mada. Nakuhurumia kwa hilo kuliko yote, maana umelibeba peke yako na hakuna aliyekutwisha.

Basi fanya hivi. Kesho usiende chuo. Nenda kwa Mzee Masolwa, simu uiache mkobani, mwambie wewe ni mjukuu wa nani kwa upande wa mama, halafu muulize kama lile alilolisema uani ni la kuambiwa na wakubwa wake au ni la kutunga. Kama ni la kutunga, utacheka naye, utarudi kuifuta sehemu hiyo yote na kumwandikia Dkt. Fikiri kwamba ushahidi umekufa. Mada ya mizani na vitambaa haijawahi kumuua mtu.

Kama ni kweli, usirudi Cheyo peke yako. Mwombe Masolwa akusindikize. Kupeleka neno zito nyumbani kwa Uwesu ni kazi ya mtani, hiyo ndiyo sababu yupo, na ataliingiza kwa namna ambayo wewe na shahada zako hamuiwezi. Akishalisema, wewe piga magoti mbele ya mzee na Bi Najiat, waambie uliwaandika bila kuwauliza, na kwamba ulipoulizwa ulisema uongo. Kisha nyamaza. Usilie ili wakuhurumie. Mzee akikataa jina la ukoo lisisomwe, halisomwi, na wapagazi watatajwa bila jina lake. Akikubali, basi yeye na Masolwa wakae mbele siku hiyo, na pale kwenye habari ya porini, mpishe Masolwa asimame aiseme mwenyewe, na Uwesu ajibu akitaka. Wageni wako watakuwa wameona mtaji wa kwanza wa mji huu ukizungumza, na kama kuna nafasi ya udaktari, itakutafuta.

Jambo la mwisho, nalo ndilo la kwanza. Enzi za misafara, njiani mtani alikuwa na kazi kubwa kuliko kuchekesha. Mtu akianguka na homa msafara ukimwacha, aliyebaki nyuma kumfukia ni mtani wake. Huenda nyumbani kwa Masolwa kuna anayejua ni wapi walibaki wale watu, huenda hayupo, lakini ninyi kwenu hamjawahi kuuliza, mmesema tu hakurudi. Ukimaliza kumuuliza habari za Uwesu, muulize na hilo: babu wa bibi yangu alizikwa wapi, na ni nani aliyemzika.

Akikupa jibu, usikimbilie kuliandika. Toa ile simu uliyorekodia, umpigie mama yako Isikizya.