Mkate Tulioula kwa Sanobar

Nyuma ya Soko la Zamani,
Kokand,
9 Oktoba 2022

Mpendwa mdogo wangu Hikmat,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hujambo lakini? Na mgongo ule uliokuuma kiwandani unaendeleaje? Nasikia huko Korea, Gwangju, baridi imeshaanza. Vaa vizuri, usijifanye kijana wa miaka ishirini. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Presha ya Mama inapanda na kushuka, ila bado anagombana na wauza matikiti sokoni, kwa hiyo sina wasiwasi naye sana. Mkomamanga wa uani mwaka huu umezaa mpaka tumeuegemezea miti usivunjike.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei. Barua hii nampa shemeji yake Mavjuda, anarudi huko wiki hii, na nimemwambia asikuachie mlangoni. Asimame hapo hapo mpaka aone umeifungua.

Hikmat, yamenikuta makubwa. Tangu nirudi safari sijalala usingizi wa maana.

Unakumbuka mimi na rafiki zangu Tursunoy na Mavjuda tulivyokuwa tukisema kila mwaka kwamba iko siku tutawaachia waume zetu masufuria yao, tuvuke nchi nzima kwa gari, kutoka huku bondeni mpaka Nukus? Basi mwaka huu tukaenda kweli. Tursunoy ndiye aliyeendesha. Unamjua yule, mdomo wake hauna breki, shukuru tu kwamba gari linazo. Mavjuda, na uuguzi wake, alibeba dawa za kutosha kutibu mtaa. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchagua pa kula.

Na tulikula, mdogo wangu! Samarkand tulikula pilau yao ile ya wali chini na nyama juu, hawachanganyi. Tursunoy akamwambia mpishi usoni kabisa, "Kaka, kwetu bi harusi akipakua hivi anarudishwa kwao." Yule mpishi akacheka mpaka akatuongezea nyama. Bukhara tulikula sambusa za tanuri, na Mavjuda, yule yule anayewakataza wagonjwa mafuta, akafungua kifungo cha sketi mbele ya watu.

Balaa lilitukuta jangwani. Kutoka Bukhara upepo ulikuwa mkali, mchanga unapiga vioo, na kwa mwendo mrefu hatukuona hata kibanda. Njaa ikatushika vibaya. Mchana ndipo tukaona moshi kando ya barabara. Kilikuwa ni kimkahawa kidogo, mbele pa kulia wageni, nyuma wanaishi wenyewe, mama mmoja aitwaye Sanobar na mumewe Ergash. Tukapanda kwenye jukwaa la mbao la kulia chakula, tukakunja miguu. Sanobar akatuletea chai na bakuli tatu za supu ya kondoo, mafuta yanaelea juu kama inavyotakiwa. Mkate hakuna. Akasema upo tanurini, unakaribia kuiva, tumvumilie kidogo tu.

Tursunoy na kuvumilia wapi na wapi! "Supu bila mkate ni maji ya kuoshea sufuria," akasema, na macho yake yanazunguka ukutani. Ukutani palikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, kimetundikwa msumarini. Akakipapasa. Mkate mkavu. Sasa niambie, Hikmat, nyumba gani kwetu haina mkate mkavu umehifadhiwa kitambaani kwa ajili ya kuchovya kwenye supu? Hata Mama angefanya alichofanya Tursunoy. Akauteremsha, akauweka gotini bila kufungua kitambaa, akaupiga ngumi mpaka ukavunjika, kisha akatumwagia vipande kwenye bakuli. "Bismillahi, jamani, kabla sijawatafuna nyinyi." Tukala. Mimi nilikula, tena nikaomba kuongezwa.

Mara Sanobar akaingia na mikate ya moto ameipanga juu ya mkono. Akaona kitambaa kimefunguliwa juu ya jukwaa. Ile mikate ikamponyoka yote. Wewe umelelewa na Mama. Umewahi kumwona mwanamke wa kwetu ameangusha mkate asiinamie kuuokota? Sanobar hakuinama.

"Nani ameuteremsha?"

"Mimi, dada, tusamehe," Tursunoy akajibu, mdomo umejaa. "Njaa ilituzidi. Na huo wa moto tutaula pia, usihofu."

Sanobar akapiga magoti, akaanza kupekua vipande vilivyobaki kitambaani. Akakipata kimoja cha ukingoni, akakigeuza, akatuonyesha. Kilikuwa na alama za meno.

Mavjuda akatema kiganjani kilichokuwa mdomoni mwake, akabaki amekishika hivyo hivyo, hajui akiweke wapi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ulikuwa mkate wa msafiri. Kama wewe ulivyouma wako mlangoni asubuhi ile ukiondoka, Mama akautundika ukusubiri uje uumalize, ndivyo Bahrom, mwana wa pekee wa Sanobar, alivyouma ule siku aliyokwenda Urusi kujenga maghorofa. Na sisi tumeupiga ngumi tukauchovya kwenye supu. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mmemuua mwanangu," Sanobar akasema. Kwanza kwa sauti ndogo. Kisha akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. "Tangu baridi iliyopita hajanipigia simu! Mkate huu ndio uliokuwa umemshika asipotee! Mmemuua! Mmemuua Bahrom wangu!"

Tursunoy aliisukuma bakuli yake mbali. Na mimi, mwalimu wa hesabu mzima, niliamini. Nilimwona kabisa yule kijana wa watu ameanguka kutoka ghorofani, na mkate wake uko tumboni mwangu.

Ergash alikuja mbio kutoka jikoni, kisu cha vitunguu mkononi. Akamwangalia mkewe, akaangalia bakuli zetu. Nikasema leo tunapigwa, na ni haki yetu. Lakini yule baba alikaa tu chini pale mlangoni, rangi imemtoka.

"Bahrom amekufa, Ergash," Sanobar akamwambia. "Hawa wamemla."

"Hajafa."

"Amekufa. Mimi ndiye mama yake, najua."

"Hajafa, Sanobar! Nimeongea naye Jumapili!"

Nilisikia mafuta yakichemka jikoni, na hakuna aliyekwenda kuyatazama.

Kisha yakaanza kutoka, moja baada ya jingine. Bahrom ana mke huko Urusi, na ana mtoto. Harudi. Alimwambia baba yake na akamwapisha asimwambie mama, kwa kuwa atakufa kwa uchungu. Mwenyewe aliacha kumpigia mama kwa sababu kila akipiga anaulizwa lini unakuja kumaliza mkate wako, naye alishachoka kujibu mwakani. Baba akawa anazungumza naye kwa kujificha nyuma ya tanuri, halafu anaingia ndani kunywa chai na mkewe.

"Kila Ijumaa nakipangusa kile kitambaa vumbi," Sanobar akasema. "Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Na ukanyamaza."

"Ningekuambiaje, mke wangu?"

Sanobar hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi ya ule ukelele. Alinyoosha mkono tu. "Lete simu."

Ergash akapiga, akamkabidhi. Sauti ya simu ilikuwa juu, tukasikia kila kitu, na hapakuwa na pa kwenda maana Ergash alikuwa amekaa pale mlangoni. Bahrom akapokea na kelele za mashine nyuma yake. "Baba, niko kazini, kuna nini?"

"Ni mama yako."

Kelele za mashine zikaanza kufifia, nadhani alikuwa anatembea kuzikimbia. Sanobar akamngoja.

"Mtoto wa kike au wa kiume?" akamuuliza.

"Wa kike, Mama." Sauti imeshakatika. "Mama, mimi nilitaka..."

"Anaitwa nani?"

"Sonya."

"Sonya," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. "Anakula vizuri?"

"Anakula, Mama. Mama, nisamehe, Mama..."

"Mkate wako umeliwa, mwanangu. Wamekuja wageni wakaula. Kwa hiyo usihangaike tena kunidanganya." Na akakata simu.

Nilijua sasa atatufukuza. Badala yake aliinama, akaokota mikate ya moto yote iliyoanguka, akaibusu mmoja mmoja akaipangusa. Akaumega mmoja, akatuwekea mbele. "Kuleni. Supu inapoa." Tukala, Hikmat. Utamkatalia nini mtu kama yule? Machozi yananidondokea kwenye bakuli, nami nakula. Kile kipande chenye meno alikitia mfukoni mwa gauni lake. Mumewe alikuwa bado amekaa chini na kisu chake, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Tursunoy aliendesha mpaka Nukus bila kutamka neno. Tursunoy! Njiani alisimamisha gari mara moja, akashuka, akalia kwa kuegemea mlango, Mavjuda amemshika mabega. Nilipofika nyumbani nilikuwa bado nimepigwa na bumbuazi, na sijui shetani gani alinituma, nikamsimulia Mama yote. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa, hakuuliza Sanobar alilia au hakulia. Nilipomaliza, alisema mchele wa mwaka huu una mawe mengi.

Asubuhi nilikuta msumari ulio juu ya kitanda chake hauna kitu. Nikamuuliza, Mama, mkate wa Hikmat uko wapi? Akasema wageni siku hizi hawaaminiki. Ameufungia kwenye sanduku lake, lile la sanda yake, na ufunguo ameuvaa shingoni.

Sasa nisikilize, na usikunje barua hii kabla hujamaliza. Nilikuwa nikikutetea. Mama akisema hupigi, nasema yuko zamu, mtandao mbaya, Korea mbali. Nimekuwa Ergash ndani ya nyumba hii, na nimechoka. Kama una mke huko, kama una mtoto, kama una mambo yako, mpigie Mama umwambie kwa mdomo wako. Hatakufa. Nimemwona mama aliyeambiwa ukweli, aliinama akaokota mikate. Na kama unakuja, njoo kabla ya majira ya baridi yanayokuja kwisha. Sanduku lile lina vitu viwili tu, Hikmat, na siku litakapofunguliwa nataka awe ni Mama mwenyewe anayelifungua, na wewe uwe umesimama pale na njaa yako.

Tursunoy anakusalimu, amesema hana la kukutania safari hii. Mavjuda anakukumbusha mazoezi ya mgongo. Mume wangu na watoto wanakusalimu sana, na mjomba Yoldosh anauliza kama bado unavaa viatu kwa kukanyaga visigino vyake kama zamani. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe riziki ya halali, na akulainishie moyo.

Ni mimi dada yako akupendaye na aliyekukasirikia,

Hosiyat