Yaya, Nilimwambia Mkunga

Yaya Adela, dada yangu mkubwa,

Nimezaa. Jumanne moja mwezi uliopita, saa nne asubuhi, msichana, na mimi niko hai. Naanza na hilo kwa sababu wewe ungeliuliza kabla hata ya jina la mtoto.

Tantine Dorika, shangazi aliyetulea, hajaja kumwona. Amekasirika. Asipotaka kuja, abaki kwake, huko mtaani Shari.

Unamjua. Uchungu uliponianza alikuja na kikombe cha majani yaliyochemshwa, dawa ileile aliyokunywesha wewe kabla ya kukupeleka hospitali. "Kunywa, mutoto atatoka mbio. Na kule usiseme kitu." Kwetu kila mwanamke ameinywa na kila mmoja akanyamaza, na sisi tunaita heshima. Siku yako, mkunga alikuuliza mara mbili kama umekunywa dawa ya nyumbani. Ulimtazama Tantine, ukatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika kikwembe chako, najua kila kitu, nikafunga mdomo. Tumbo lako lilikaza bila kuachia mpaka kizazi kikapasuka. Wewe na mtoto, siku moja. Miaka mitatu nimebeba kimya kile, Yaya, na nimechoka nacho.

Safari hii dawa niliimimina kwenye chupa, nikaificha kati ya nguo za mtoto. Mkunga alipouliza, Tantine akiwa amenikazia macho, nikaiweka chupa mezani. "Walinipa hii. Sikukunywa. Yaya yangu alikunywa." Mkunga hakumgombeza mtu. Aliandika, akaniambia asante. Tantine alitoka, hakurudi.

Sasa nikusimulie, maana wewe ulifika pale mambo yakiwa yameshaharibika. Walinipima presha. Kila mara walisikiliza moyo wa mtoto kwa kipembe cha mbao, wakaangalia njia imefunguka kiasi gani, wakaweka alama kwenye karatasi. Nilidhani watanilaza chali tangu mwanzo. Hapana, waliniambia nitembee, ninywe chai, nichuchumae nikitaka. Uchungu ulikuja ukaondoka, ukaja ukaondoka, na katikati nilipumzika. Wewe hukupewa hata pumziko moja, na hilo bado linanipandisha hasira. Nilipiga kelele za kuaibisha ukoo mzima na hakuna aliyenifokea. Mtoto alipotoka walimweka kifuani kwangu akiwa bado na utelezi, wakanichoma sindano pajani ili damu isizidi, kondo likafuata. Inauma, sitakudanganya. Nilimtukana baba wa mtoto kwa lugha zote ninazozijua. Lakini nilijua kinachofanyika, na kila nilipouliza nilijibiwa.

Jana Tantine alinitumia ujumbe: "Ulinipatisha haya mbele ya batu." Nampenda, yeye ndiye aliyetuosha na kutulisha. Nimemjibu kwamba aibu ataizoea. Mimi kaburi lako sijalizoea.

Neema, kitinda mimba wetu, ana mimba ya miezi saba. Tantine ameshaanza kumtembelea. Basi na mimi nimeanza, kila Jumapili baada ya misa, na mtoto wangu mgongoni.

Pumzika, Yaya. Nakuahidi hili: siku ya Neema ikifika nitakuwa mlangoni kwake wa kwanza, na hospitali tutakwenda mapema, mvua inyeshe isinyeshe. Akiogopa kujibu, nitajibu mimi.

Mdogo wako,
Riziki