Kisahani Chenye Vidole Vyako Vinne

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze maneno bila shikamoo, na siwezi kuanza leo.

Nimekaa jikoni kwako hapa Nyakasimbi. Mbele yangu kuna sufuria ya presha ya shule, na pembeni yake kile kisahani ulichokibonyeza kwa vidole. Vingine vyote vilishachemshwa. Sheria ya maabara ni moja tu: ulichokiotesha, ukiue kwanza ndipo ukitupe. Hiki nilikificha kwenye friji ya maabara, nyuma ya chupa za dawa, tangu tulipokuzika. Jana mwalimu wa Biolojia akakiona.

"Hiki cha nani?"

"Cha mfano," nikamwambia.

Akasoma jina lako kwenye utepe. Akakirudisha polepole, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. "Kesho, kaka. Tafadhali."

Kesho yenyewe ndiyo hii.

Unakumbuka siku ya supu? Shule iliniajiri kufyeka nyasi. Maabara niliisomea dirishani, nikafyeka sana upande ule, hadi nyasi zikakata tamaa ya kuota. Mwishowe mwalimu akaona heri niingie ndani. Siku hiyo nilikuwa jikoni kwako nikichemsha supu ya nyama na ule unga wa mwani unaoitwa agari, ili ikipoa igande visahanini kama supu ya kwato iliyolala. Ukafunua, ukanusa.

"Nyama yote hii mnawapa wadudu?"

"Bakteria, mama."

"Na watoto wa watu wanakula maharage!"

Nikafunika sufuria, nikasogeza kuni. 

Kidato cha tatu walitaka mkono wa mtu kabla ya kunawa, na mkono uleule baada ya kunawa. Nikakuomba wako. Ukanuna. "Mkono huu umekulisha mpaka umeota ndevu, leo unautafutia ugonjwa?" Lakini ukabonyeza kisahani cha kwanza. Ukanawa kwa sabuni, ukabonyeza cha pili: vidole vinne, cha mwisho kifupi, kile ulichokikata kwa kisu cha kumenyea ndizi mimi nikiwa mgongoni.

Shida ilikuwa baridi. Kisanduku cha kuoteshea hatuna, na visahani vya kabla ya vyako vilikaa kabatini siku nne bila kuota hata doa. Wewe ndiye uliyesema, "Si uvipeleke panapoiva ndizi?" Ulikuwa na shimo lako la ndizi za rubisi nyuma ya nyumba, umelipasha kwa moto wa majani makavu ya mgomba. Ukanichimbia langu dogo, mbali kidogo, wadudu wangu wasije wakaonja pombe yako. Tukaweka visahani ndani ya debe, tukafunika majani, tukafukia. Haikupita nusu saa nikainama kufukua.

"Toka hapo! Ndizi haziivi kwa kuchunguliwa. Mchunguliaji mkubwa wewe!"

Siku ya tatu tukafukua. Mkono uliooshwa ulikuwa umeota kuliko ule mchafu! Nikawaza sana, nikiwa mtaalamu, mpaka nikakumbuka: baada ya kunawa ulijifuta kwa kanga uliyoshinda nayo kwenye migomba. Ukakishika kisahani, ukakiinua kwenye mwanga.

"Shamba hili lote langu?"

"Lako, mama."

"Basi sabuni ni mbolea."

Ulicheka hadi ukakaa chini. Nami nikacheka, nikadhani umekaa kwa sababu ya kicheko.

Hapo ndipo moyo wangu unapokwama. Wiki hiyohiyo, ukitoka kisimani, uliweka ndoo chini mara tatu. "Mbona kilima hiki kimerefuka?" Nikakujibu, "Kilima hakikui mama, inayokua ni migomba." Nilijiona mjanja. Miguu yako ilikuwa imevimba, ndala zimeacha alama kama kamba kwenye mdomo wa gunia, nami nikaziona. Niliziona, mama. Mimi ninayesifiwa kwa kuona visivyoonekana niliona miguu yako na sikuuliza. Jumapili ukapanda bodaboda kwenda hospitali, umenikalia nyuma, kichwa begani mwangu. Hukurudi nyuma yangu.

Watu walikuja wengi kunipa mkono wa pole, hata wajomba kutoka Isingiro. Kila mkono niliupokea nikiwaza mmoja uliokuwa umelala ndani ya friji. Usinicheke. Wewe ulikuwa udongoni, na vidole vyako vilikuwa bado vina uhai, vyeupe na vya njano, hata kile kifupi. Ningemwambia nani? Nilikuwa nikifungua friji kila asubuhi, kama mtu anayekwenda kusalimia.

Ila si wewe. Ni kanga yako, migomba yako, sabuni yako. Najua. Nimejifundisha mwenyewe mambo mengi, hili ndilo nimechelewa kulijua.

Nimeshakiweka ndani. Nimefunga mfuniko, moto ni wa kuni zako ulizozipanga mwenyewe. Sufuria imeanza kupiga mluzi. Inatakiwa iachwe hivyo, kisha ipoe yenyewe, isifunguliwe kabla.

Nenda salama, mama. Safari hii sichungulii.

Mwanao,
Mchunguliaji