Fundi Hakuwa Kaka

Mama,

Nianze na hili, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Watu wako wa kwenye simu, wale uliokuwa ukiwajibu kila baada ya Alasiri, walipopata habari ya msiba walikupa pole wewe.

Ilikuwa baada ya hitima. Wageni walishaondoka, nikaichukua simu yako pale juu ya meza ya cherehani, nikakuta maswali yamejaa kwenye lile kundi lako la Ngozi na Sindano. Mmoja uzi wake unakatika, mwengine kisu chake cha ngozi hakikati. Nikaandika: "Assalaam alaykum. Mama yangu, Bi Zuhura, amefariki. Mwombeeni." Wakajibu wengi, na kwa adabu. "Pole sana kaka fundi kwa kuondokewa na mama. Mungu akupe subira. Ukitulia, usinisahau na lile swali langu la bobini."

Nilicheka peke yangu chumbani. Halafu nikalia vibaya.

Nnajua ilivyoanza. Ulipostaafu ukunga ulinunua ile cherehani kuukuu kwa jirani yetu wa Kihindi aliyekuwa anahama Sokomuhogo, ukaanza kushona vipochi na mikanda ya ngozi ya mbuzi. Haikuwa biashara. "Mchezo wangu huu," ulikuwa ukisema, "wenzangu wanacheza bao." Ukaingia kwenye kundi la watu wanaopenda kazi hizo, ukauliza kwa jina lako namna ya kunoa maharazi, ile sindano ya mpini ya kutobolea ngozi. Mmoja akakwambia ukashone kofia kama wanawake wenzako. Mwengine akakufuata pembeni kukuuliza kama una mume. Ukatoka bila ya kumjibu mtu, ukafungua kundi lako mwenyewe, ukaweka picha ya cherehani badala ya sura, na kwenye jina ukaandika Fundi. Basi. Hukusema kama wewe ni mwanamme. Walipokuita kaka ukawaacha wakuite.

"Mie sijasema uongo," uliniambia huku unapaka uzi nta. "Wao hawajauliza."

Uliandika kwa kidole kimoja, miwani imeshuka puani. Mtu akisema cherehani yake mbovu ulimuuliza kama ulivyokuwa ukiwauliza waja wazito wako hospitali: imeanza lini, na kabla ya hapo ulifanya nini? Ukiniita, "Sabra!", nami naitika "Naam" kutoka jikoni, nnakuja mbio nikidhani umeanguka, kumbe unataka kunionesha picha ya mshono wa mtu wa Tanga, umenyooka, kana kwamba ni picha ya mjukuu wako.

Basi nikaandika tena, wazi, na kwa jina langu. Fundi mwenyewe ndiye aliyefariki. Fundi alikuwa mama yangu.

Halafu akatokea Nassir. Unamjua Nassir, ndiye aliyekuwa akikuuliza kuliko wote, mtu wa hapahapa mjini, ulimfundisha tangu namna ya kutia sindano. Akawaambia watu wasihadaike. Yeye, alisema, anamjua fundi uso kwa uso, ni mwanamme wa makamo, wamekunywa kahawa pamoja Forodhani mara nyingi, na fundi alipoanza kuugua alimwachia yeye kazi ya kuwajibu watu. Na huyu mwanamke kaokota simu ya watu.

Kaokota simu, Mama. Simu yenye alama za nta za vidole vyako kwenye kioo.

Wakamwamini. Nikatuma picha ya meza yako, akasema picha huibiwa. Mwisho nikaweka ile video niliyokupiga mwenyewe, umekaa, mtandio umeufunga kiunoni, unasema: "Usikanyage. Zungusha gurudumu kwa mkono, ngozi haitaki haraka." Hapo hakuna aliyeweza kubisha. Nilidhani sasa watakulilia.

Hawakukulilia. Wengine walitoka mmoja mmoja bila ya neno. Yule uliyemshughulikia Ramadhani nzima mpaka akamaliza viatu vya Idi vya wanawe aliandika kwamba amedanganywa na mwanamke. Cherehani yake inashona mpaka leo. Nassir hakuomba radhi. Alifungua kundi jengine, akaweka picha ileile ya cherehani, na wengi wakamfuata, kwa sababu majibu anayo. Ni majibu yako, neno kwa neno, nimeyaona. Mpaka lile la imeanza lini.

Nilimwandikia pembeni. Sikumtukana. Nilimwomba aseme tu kajifunza kwa nani. Akanijibu: "Marehemu hahitaji jina, dada. Watu wanahitaji cherehani zao zishone."

Baada ya hapo niliamua kulifuta kundi lako lote, na kila ulichokiandika ndani yake. Wakose wote. Nilikuwa nimeshaishika simu ilipolia.

Alikuwa mwanamke wa Makunduchi, Mize, analima mwani, na mikoba ya ngozi anashona nyumbani kwa kupenda tu. Akanipa pole mimi. Katika kundi zima yeye ndiye wa mwanzo kunipa pole mimi. Nikamuuliza kama hakushangaa kusikia fundi ni mwanamke.

"Nlijua zamani," akasema. "Siku ya kwanza tu aliniambia nikunje mkono wa buibui usije ukaingia kwenye gurudumu. Mwanamme atalijulia wapi hilo? Lakini yeye hakusema, basi mie n'nani nimseme?"

Nikamuuliza mbona alinyamaza Nassir aliponiita mwizi. Akasema aliogopa, maana na yeye wangemwita muongo. Hata yeye, Mama. Aliyekujua kuliko wote alikuwa anasoma tu.

Lakini alikuja. Alipanda gari kutoka Makunduchi mpaka mjini, akavua viatu mlangoni, akakaa mbele ya cherehani yako bila ya kuigusa, akalia kwa sauti. Nami sikuweza kuendelea kumkasirikia.

Kundi sikulifuta. Nimebadilisha jina lake. Sasa linaitwa Bi Zuhura wa Sokomuhogo, na anayeona haya kuingia mahali penye jina la mwanamke na abaki nje. Tumebaki wachache. Mize anajibu ya cherehani. Maswali ya visu na ya kulainisha ngozi hayana mtu wa kuyajibu. Yanakaa tu pale, nami nayapita kama napita mlango wa chumba chako. Kwa Nassir watu wamejaa. Sijamsamehe. Najua ungesema, "Muache, mwanangu." Wewe ulikuwa na moyo wa kuacha. Mimi sina, na siutafuti.

Juzi akaingia mtu mpya, wa Fumba. Hajui habari yoyote, kaona jina tu. Akaandika: "Shikamoo Bi Zuhura. Cherehani yangu inaruka mishono."

Nilitaka kumwambia umekufa. Nilimwambia, lakini baadaye. Kwanza niliandika: "Marahaba."

Miaka yote uliyowahudumia wale watu hakuna aliyewahi kukuamkia, Mama. Kaka fundi hivi, kaka fundi vile. Hii ya juzi ni yako, ipokee huko uliko, na Mwenyezi Mungu akupe nuru humo ulimolala. Nakuahidi kila itakayokuja nitaiitikia kwa jina lako kwanza, ndipo tuulizane imeanza lini.

Mwanao,
Sabra