Karatasi Iliyofungia Karanga

Mjomba,

Ghala limefunguliwa juzi. Kiti chako, kile chenye mguu mmoja mfupi, bado kipo pale mlangoni, na hakuna aliyethubutu kukikalia, hata meneja, ambaye unajua mwenyewe hapendi kusimama. Wakulima wanapita kando yake na magunia yao kama vile umekaa. Na mimi asubuhi nzima nilikipita hivyo hivyo, nikijifanya nina kazi nyingi, mpaka nikaingia stoo nikalia.

Nimerudi kufanya fildi, mafunzo yangu ya kazi, hapa hapa. Wenzangu tunaosoma nao teknolojia ya habari na biashara wameenda Dar es Salaam, kwenye mabenki na makampuni ya simu, na wanatutumia picha wakiwa na vitambulisho shingoni. Mhadhiri wangu aliniuliza kwa nini nataka ghala la korosho lile lile la mwaka wa kwanza. Nilimwambia kuna kazi sikuimaliza. Sikumweleza zaidi, maana ningelia mbele yake.

Wewe nitakueleza. Nilipaswa kukueleza ukiwa hai.

Ile fildi ya kwanza ni wewe uliyeniombea. Ulivaa kofia yako ya Ijumaa siku ya Jumanne, ukaenda kwa meneja ukamwambia, "Mpwa wangu anasoma kompyuta za biashara. Mpeni kazi ya kichwa, siyo ya kufagia." Ulikuwa karani wa ghala lile tangu mimi sijazaliwa, na mimi nikaja na mwaka wangu mmoja wa chuo nikajiona ndiye niliyekuja kukufundisha kazi. Nikapewa kuhamisha majina ya wakulima kutoka kwenye daftari lako kwenda kwenye mfumo mpya. Daftari lile jeusi, mgongo mwekundu, ulilolifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Pembeni ya kila jina ulikuwa umechora kitu: nukta tatu, msalaba, viduara viwili, mstari uliopinda. Nilidhani ni michoro ya mtu anayesubiri wateja. Mfumo haukuwa na mahali pa michoro, basi nikaingiza majina, michoro nikaiacha.

Sikukuuliza. Ulikuwa umekaa hatua tano kutoka kwangu, Mjomba, shazia mkononi, unashona midomo ya magunia, na sikukuuliza.

Kisha tukaambiwa wanakuja wakaguzi, ofisi iwe safi, makaratasi ya zamani yaondolewe. Meneja hakulitaja daftari lako. Ni mimi niliyesema nalo liondoke, "tumeshaliingiza lote." Nililisema neno hilo "lote" kwa kujivuna, bado nalisikia. Nikalitia kwenye boksi pamoja na mafaili mabovu, nikampelekea yule mama muuza karanga wa Chikongola, ambaye kila siku alikuwa akilalamika hana karatasi za kufungia. Alifurahi mno, akanipa pakiti tatu za bure. Moja nikakuletea nyumbani Chuno, nikakutania kwamba hayo meno yako machache leo yatapata kazi.

Ulikaa barazani. Ukafungua, ukala taratibu, moja moja. Mimi nilikuwa nikikusimulia jinsi siku hizi mkulima anavyotafutwa kwa kubonyeza tu. Wewe ukainyoosha ile karatasi juu ya goti, ukaitazama kwa muda. Ukaniuliza, "Na daftari langu lipo?"

Nikajibu, "Lipo kwenye mfumo, Mjomba."

"Haya," ukasema. "Karanga tamu hizi." Ukaikunja karatasi ukaitia mfuko wa shati. Nilidhani hutaki kuchafua baraza.

Mvua za kwanza zilinikuta nimesharudi chuoni. Paa la ghala likavuja upande mmoja, lebo za karatasi zikalowa na kubanduka kwenye magunia. Unawajua akina Fatu Hamisi wawili, yule wa kisimani na yule wa jirani na msikiti, walioitana somo tangu utotoni kwa sababu ya hilo jina lao moja. Magunia yao yalikuwa yamepangwa pamoja. Ya mmoja yalikuwa na korosho zilizoanikwa vizuri, za daraja la kwanza. Ya mwenzake yalikuwa na unyevu. Ukazuka ubishi, yapi ni ya nani. Wakafungua mfumo, na mfumo ukaonyesha Fatu Hamisi mmoja tu, kwa sababu mimi nililiona jina limejirudia nikalifuta la pili.

Wewe ulikuwa umelazwa. Presha ilikuwa imekupiga upande mmoja, ulimi hautii. Wakakufuata kitandani, kila mmoja kwa siku yake, maana walishaacha kusemezana. Wote wawili uliwaonyesha kwa mkono ule mzima ishara ya mtu anayeshona. Watu wa nyumbani hawakuelewa. Mkeo, Mama Shaibu, alidhani unataka kifungo cha shati lako kirudishwe, akatafuta uzi akakishona pale pale kitandani. Amenisimulia mwenyewe huku akicheka na kulia kwa pamoja.

Nilifika umeshazikwa. Safari kutoka chuoni ni ndefu na maiti haiwekwi, hilo nalijua, silalamiki. Lakini niliumia, Mjomba. Niliumia kukuta viatu vyako mlangoni.

Baada ya arobaini Mama Shaibu akagawa nguo zako, na mimi akanipa shati la drafti la kijani, lenye kifungo kimoja kisichofanana na wenzake. Mfukoni kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, ina madoa ya mafuta na chembe za chumvi. Niliifungua nikauona mwandiko wako. Majina tisa, na michoro yake pembeni. Jina la nne ni Fatu Hamisi, na mbele yake viduara viwili na msalaba.

Kumbe ulijua tangu siku ile barazani. Ulijua huku nikikudanganya usoni, ukasifia karanga.

Siku iliyofuata nilimpelekea karatasi Bi Fatu wa kisimani. Hakusoma jina, aligusa mchoro kwa kidole. "Huu nshono wangu, nwanangu," akasema. "Kila ntu na nshono wake. Mama yangu ndiye kanifundisha. Karani alikuwa akitazama ndomo wa gunia tu, lebo hana habari nayo. Magunia yalipogombewa niliwatajia nshono ofisini, wakasema kwenye mashine haumo. Wewe hukujua?" Sikujua. Mimi mtoto wa hapa hapa, niliyelala juu ya magunia hayo nikiwa mdogo.

Basi fildi yangu ya mwaka huu imekuwa hiyo. Nimepita nyumba hadi nyumba na shazia yako na kipande cha gunia, naomba kila mkulima anishonee kidogo, naupiga picha mshono wake na kuuweka mbele ya jina lake. Meneja alicheka nilipomweleza. Nilipomwonyesha karatasi yako akaacha kucheka, akaniambia nichukue pikipiki ya ofisi.

Kwa akina Fatu nilisema kweli kwamba ni mimi niliyefuta jina. Yale magunia yalishauzwa zamani, hakuna wa kuyarudisha. Wa kisimani alinikalisha akanipa muhogo. Wa msikitini alichukua shazia, akashona mshono wake mbele yangu, akanirudishia, akaingia ndani. Juzi walisimama foleni moja na wakasalimiana. Hawajaitana somo bado. Ninawatazama tangu hapo, Mjomba, na nikiwaona hivyo roho inaniuma kwa sababu mimi ndiye niliyewafikisha hapo.

Korosho za shamba lako nazo tumezileta. Magunia mawili tu, msimu huu hapakuwa na wa kupulizia dawa kama ulivyokuwa ukipulizia wewe. Niliyashona mwenyewe. Anza kushoto, ruka mbili, rudi moja, fundo liingie ndani. Ulinifundisha nikiwa darasa la nne, nikachoma kidole, ukaninyonya damu ukasema nisilie kwani gunia halina haraka. Nilidhani unanifundisha kufunga gunia. Bi Fatu wa kisimani alipita, akalishika lile fundo, akasema, "Karani kaja." Hakuwa akitania. Akaenda zake kwenye foleni, na mimi nikageukia ukuta.

Mwezi ujao narudi chuo kumalizia mwaka wa mwisho. Nakuahidi hivi: popote nitakapoajiriwa, nikiambiwa nihamishe kazi ya mtu kuingia kwenye mashine, nitakwenda kwanza nikae chini karibu naye, nimuulize kila alama aliyoiweka, hata nionekane mjinga. Na kila Ijumaa nikiwa nyumbani nitakuja kukusomea Yasini, nikung'olee na majani.

Mungu akulaze pema, Mjomba wangu. Kabla sijakunja barua hii, narudi kwenye lile swali lako la barazani, kwa sababu ulistahili jibu lake nawe umekaa mbele yangu.

Daftari lako halipo. Nililigawa mimi kwa mikono yangu, kurasa zake zikafungia watu karanga. Imebaki karatasi moja, ile uliyonifichia.

Mpwa wako,
Zainabu