Utando Wako Umetimiza Mwaka

Ni mwaka mmoja na wiki sita sasa, mke wangu, tangu uiweke ile shaba juu ya kabati la vyombo na kutukataza kuigusa. Wiki sita baadaye ulifumba macho hospitalini. Kwa hiyo leo tunakukumbuka hapa gazetini, lakini usitegemee kilio. Tuna habari.

Kwanza tukuseme kidogo, maana ulizoea kusemwa. Ulikuwa ukirudi kutoka maabara ya kemia ukinuka mayai viza, na kabla hujagusa kitasa sote tumeshajua Daktari amefika. Ulipiga marufuku mafuta ya kujipaka karibu na mkoba wako. Ulitufundisha kushika vitu kwa kingo, ati kidole kina uchafu wa kutosha kuharibu kazi ya mwezi, na binti yetu hadi leo anashika sahani hivyo. Hukuwahi kumdharau mtu kwa kutojua. Jirani akikuuliza unafanya kazi gani, ulikaa naye nusu saa ukimchorea kwenye bahasha huku chungu kikiungua jikoni. Kisha ulikula ulichounguza bila kunung'unika, na sisi ukatulisha.

Mimi ni fundi wa kupaka magari rangi. Kwangu bati halilindwi kwa mkono mmoja wa rangi: napiga msasa, napaka ya chini, napaka mbili za juu. Wewe ulinicheka. Ulisema utando wako wa kuilinda shaba ni tabaka moja tu la molekuli, na unywele wa kichwa changu, ule uliobaki, ni mnene kuliko tabaka elfu arobaini za namna hiyo. Tena wewe hupaki. Unachovya shaba kwenye dawa, unaenda zako, na molekuli zinajipanga zenyewe: kichwa cha salfa kinang'ang'ania shaba, mkia unasimama juu, zinabanana bega kwa bega hata unyevu usipate pa kupita.

"Nani anazisimamia?" nilikuuliza.

"Hakuna. Ndiyo raha yake. Wewe mafundi watatu tu unawafokea kutwa nzima."

Kwa kuwa jicho halioni kitu chembamba hivyo, uliupiga uso wa shaba kwa mwanga usioonekana, kisha ukausoma mwanga uliorudi. Ulisema kila molekuli inameza sehemu yake ya mwanga, na kwa kilichopungua unajua nani yupo, na kama amesimama wima au amelala. Miaka kumi na tisa ulikaa mbele ya mashine hiyo. Macho yalikuuma, mgongo ukakuuma, hukuacha.

Halafu wahakiki wa jarida wakairudisha makala yako. Waliandika kwamba utando mwembamba kiasi hicho hauwezi kumaliza hata mwezi kwenye hewa ya nyumba yenye jiko na watu. Kama unabisha, lete kipimo cha mwaka mzima. Wakati huo daktari wa hospitali alikuwa ameshatuambia wewe huna mwaka. Niliwatukana watu nisiowajua. Wewe uliomba kipande cha shaba, ukakichovya nusu, nusu ukaiacha tupu, ukakipandisha kabatini. "Nyie mpo," ukasema. Ulituachia jina lako tulilinde, na hilo sikulichukulia mzaha hata siku moja.

Binti yetu alikipiga picha kila mwisho wa mwezi. Nusu tupu ikaanza kufifia, ikawa kahawia, mwezi wa nane ikawa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Nusu yako ikabaki kama ulivyoiacha. Nilikuwa napita pale asubuhi na kikombe changu cha chai, natembea kifua mbele peke yangu.

Mwezi wa tisa akaja wifi yako. Unamjua: msimamizi wa usafi hotelini, hawezi kuona doa akalala. Tulikuwa na wageni siku hiyo, akaona aibu shemeji zake wakute shaba nyeusi sebuleni. Akachukua ndimu na majivu. Niliporudi kutoka gereji, kipande kilikuwa kinameta chote, huwezi kujua nusu ipi ni ipi. Nilimfokea dada yangu maneno ambayo gazeti hili lisingeyachapa. Sikumuuliza chochote. Alifunga mkoba wake akaondoka, na kwa miezi mitatu hatukusemezana. Usiku na mchana nilijua nimekuangusha.

Mwaka ulipotimia nilikipeleka hivyo hivyo kwa fundi mitambo wa maabara yenu, yule uliyembatiza Kobe kwa kutokuwa na haraka. Hakulaumu mtu. Alimpigia simu wifi yako, akamwomba aje. Akaja, akakaa mbali nami.

"Mama, ulisugua wapi?" Kobe akamuuliza.

"Pale palipokuwa peusi. Nusu ya pili nisugue nini? Ilikuwa safi. Miaka ishirini nang'arisha shaba za watu, mimi sijichoshi na kitu kisafi."

Kobe aliweka kalamu chini, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akakishika kipande kwa kingo, akakiingiza kwenye mashine.

Tulisubiri dakika arobaini. Mashine ikatoa mchoro wa mabonde, Kobe akautwaa pamoja na ule uliouchora wewe mwaka jana kabla hujakipandisha kabatini, akaibandika mmoja juu ya mwingine kwenye kioo cha dirisha. Mabonde yakaangukiana. Molekuli zako zimesimama zote, mke wangu, wima, zimebanana kama ulivyoziacha. Nililia mbele ya watu, na nilimwomba dada yangu msamaha kabla sijafuta machozi. Alinipa leso yake, safi kupindukia.

Kobe alituma vipimo na picha za binti yetu. Jumatatu iliyopita wahakiki walijibu: makala inachapwa, jina lako likitangulia mengine yote. Wametaka sahihisho moja tu. Mwishoni uliandika kwamba utando huo huenda ukadumu mwaka mzima kwenye hewa ya kawaida. Wameomba neno "huenda" liondolewe. Kobe alinisogezea kompyuta, akasema hiyo ni kazi ya familia. Nimelifuta mimi, kwa kidole chenye rangi ya gari la mtu.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako na kaka yake, mama yako mzazi, wifi yako ambaye siku hizi anajitambulisha kama mtafiti, na Kobe na wenzake wote wa maabara. Tutakukumbuka siku zote, na hapo pia hakuna huenda.