Niliivaa Suruali Yako Msibani

Yakobo, mtani wangu,

Onga makeo. Nimeanza na salamu yenu ya asubuhi ili usiseme Mzigua hana adabu. Huku Lushoto ukungu haujaondoka tangu tukuzike. Karoti ulizokuwa unapalilia moyo ulipokuangusha, bintiyo Neema amezivuna na zimeshapanda lori la Kariakoo. Mimi nimekaa kibandani kwangu sokoni, cherehani nimeifunika. Sina hamu ya kushona.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la msibani. Wewe ulikuwa umelala, hukuona, na sitaki uhadithiwe na mwingine.

Kazi ya mtani unaijua. Marehemu akishazikwa, mtani huvaa nguo zake na kumwigiza, watu wacheke kidogo kabla ya kurudi kulia. Nawe ulishaniagiza siku nyingi: "Rajabu, usinifanye malaika. Wasambaa wenzangu wananijua." Lakini Neema alinifuata nyuma ya nyumba, macho yamevimba, akasema, "Baba mdogo, nakuomba. Wajukuu hawakumwona babu yao amelewa. Ya pombe yaache." Nikabaki katikati. Nikimsikiliza yeye, nimevunja agizo lako. Nikikusikiliza wewe, namwaibisha mtoto mbele ya watu.

Tena kulikuwa na la tatu, na hilo liliniuma zaidi. Kule kwenye masufuria walikuwa wananong'ona. Mtu mnene kama ulivyokuwa, akapungua vile, siku hizi watu wana jibu moja tu, na ugonjwa wenyewe hawautaji. Wengine wakasema umerudia gongo, imekumaliza. Habari ya upasuaji hakuna aliyeijua, maana ulitaka iwe siri. Uliona aibu, askari mzima kwenda kukatwa tumbo kwa sababu ya kula.

Mimi najua tulikotoka. Tulirudi kutoka vitani Uganda wazima wa mwili, na kiu moja kati yetu wawili. Enzi zile za shida bia ilikuwa ya kubahatisha, tukanywa gongo. Biashara ilipofunguliwa, baa zikaota kila kona, bia za kila rangi, ndipo tukaona kwamba tutakufa. Tukaacha pamoja. Ikifika saa ile ya jioni tunakaa hapa kibandani tunakula. Viazi, makande, nyama choma, mkate mzima. Mimi mwili wangu ni wa mbuzi wa Handeni, haunenepi. Wako ulipokea vyote. Nilikupanulia suruali mpaka kitambaa cha akiba kikaisha, nikaanza kuunga vipande. Magoti yakagoma. Sukari ikapanda.

Ndipo tukasikia habari za ile hospitali ya binafsi Dar, na daktari mgeni anayepunguza tumbo. Alipouliza kama umewahi kunywa, ukatazama dari. Nikajibu mimi: "Amekunywa, daktari, tena sana." Ukanikanyaga mguu! Lakini daktari alishukuru. Alisema tumbo likishakuwa dogo, chakula hakitakuliwaza tena, na waliowahi kulewa wako hatarini kurudi huko, na pombe kidogo tu itakupiga vibaya. Usiachwe peke yako. Akaniuliza mimi ni nani wako. Nikasema mtani. Hakuelewa, akaandika ndugu.

Baada ya hapo jioni zilikuwa ngumu, Yakobo. Nisingeweza kukulisha, wala kukunywesha. Tukaanza kutembea. Mpaka Irente, kule ukingoni mwa mlima, tunatukanana njia nzima, watalii wanadhani tunagombana. Ulikuwa unahema, lakini ulifika, na suruali nikaanza kuzipunguza. Sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Kisha siku moja hukuja. Nikakukuta baa ya stendi, chupa iko mbele yako, imefunguliwa, imejaa. Hukunitazama. Ulisema tu, "Rajabu, nitukane." Nikakutukana, Mungu anisamehe, mpaka mama wa baa akaziba masikio. Ukacheka, ukalia, tukaondoka. Chupa tuliiacha mezani.

Basi msibani nikavaa ile suruali yako pana ya zamani, nikaishika kiunoni kwa mikono miwili, nikapanda kilima cha kwenu nahema kama wewe. Watu walicheka, hata mchungaji. Mmoja akanipa glasi ya pombe, maana wanajua mambo yako. Neema akainamisha kichwa. Nikaipokea. Nikakaa kwenye kigoda, nikaiweka chini mbele yangu, nikaitazama kama ulivyoitazama ile chupa. Nikakaa hivyo mpaka wakanyamaza wote. Ndipo nikasema kwa sauti yako: "Nyie mnaonong'ona kwenye masufuria, sogeeni. Nilikuwa mlevi, nikaacha. Nikawa mlafi, nikaenda Dar nikakatwa tumbo. Tumbo walilikata, kiu waliniachia, na sikuinywea hata tone. Huo ugonjwa mnaousema sina. Na hata ningekuwa nao, ningekuwa Yakobo huyu huyu, na mngepaswa kuniuguza."

Nilitaka kumalizia kwa mzaha, kama inavyotakiwa. Nikashindwa. Nililia nikiwa ndani ya suruali yako, na mtani haruhusiwi kulia. Wao wakadhani bado naigiza, wakapiga makofi.

Jioni mjukuu wako akamuuliza mama yake kama ni kweli babu alikuwa mlevi. Nilikuwa nakunja mikeka karibu nao. Neema akajibu, "Ndiyo, alikuwa. Akaacha." Akaendelea kuosha sahani.

Sasa nina neno nawe. Umeniwahi kuondoka, umenidhulumu. Siku yangu ikifika, nani ataniigiza? Juzi nililalamika hivyo mbele ya Neema, nikidhani natania. Akaweka kikapu chini. Akapinda mgongo, akafinya jicho moja kama anatunga uzi kwenye sindano, akatembea kwa kuchechemea kwangu kule kule kwa uzee mpaka mlangoni. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kushika. Akageuka, wala hakuwa anacheka, akasema, "Nitakuigiza mimi, baba mdogo. Yote nitakayoyaona. Kwa hiyo angalia unanionyesha nini."

Jioni bado ngumu, mtani, na hakuna mwingine anayejua kunitukana vizuri. Napita baa ya stendi nikitazama viatu vyangu. Nakumiss, Msambaa wewe, na sioni haya kulisema.

Lala pema huko kilimani. Nami nakuahidi hili moja: siku bintiyo atakapovaa koti langu na watu wakamletea glasi, ashangae aifanyie nini.

Mzigua wako,
Rajabu